Kadi za Sahani Mbili

Jumapili, 20 Januari 1974

Nimeanza daftari hili kwa sababu jana nimejikuta naongea na birika. Si mzaha. Nimeliambia, haya chemka basi, halafu nikasubiri linijibu. Mwanamume wa miaka thelathini na minane, karani wa kuhesabu magunia bandari nzima, anasemeshana na birika! Afadhali kuandika.

Korosho zimekwisha pakiwa. Meli ya mwisho imeondoka Jumatano. Bandarini tumebaki mimi, walinzi na kunguru. Jumapili ndiyo mbaya zaidi — misa saa moja, saa tatu nimesharudi mtaani kwangu Ufukoni, halafu nini? Nina miaka mitatu tangu nihamishiwe Mtwara kutoka Kigoma, na mwuza samaki bado ananiita mgeni.

Ila leo redio imenikomboa. Mawe yake ya betri niliyaanika juani tangu asubuhi, yakapata nguvu. Saa kumi alasiri nikakamata stesheni ya Kifaransa ya visiwani, huko ng'ambo ya bahari. Inasikika safi kuliko Dar es Salaam! Wana kipindi cha nyimbo kumi. Wasikilizaji wanatuma kadi, kadi zinahesabiwa, wimbo wenye kadi nyingi ndio unakuwa wa kwanza. Nambari tisa ya leo ni wimbo mpya wa dada mmoja, Odile Ferrand. "Deux assiettes" — sahani mbili. Kila siku anaandaa meza kwa sahani mbili, na mlaji ni yeye peke yake.

Sijasikia Kifaransa cha upole namna ile tangu utotoni Usumbura, baba akiwapikia Wabelgiji, mimi nikisoma kwa mapadri. Nimekaa na sahani yangu moja nikacheka. Halafu nikaacha kucheka.

Jumapili, 27 Januari

"Sahani Mbili" imepanda. Nambari saba.

Na kuna jingine. Nyumba hii ni ya Alawi, balozi wetu wa nyumba kumi. Mimi nimepanga chumba cha nyuma, dirisha linatazama uani. Uani hapo hukaa dada yake, Mwanahawa, na shangazi yao, Bi Tabu, wakisuka ukili wa mikeka. Miaka yote mitatu tumeishia kwenye hujambo na za kutwa. Leo wimbo ulipokwisha Mwanahawa akainua uso, akauliza huyo mwanamke anamlilia nani. Nikamwambia halii, anapanga sahani mezani. Akasema, kwa sauti ile? Bi Tabu akacheka mpaka akapaliwa.

Maneno kumi na mawili, kama si kumi na matatu. Nimeyahesabu — ndiyo kazi yangu.

Jumapili, 3 Februari

Nambari nne!

Leo walishausogeza mkeka wao karibu na dirisha kabla sijafungua redio. Nikaiweka dirishani. Nikawafasiria mstari kwa mstari. Ubeti wa pili anasema chakula kinapoa na yeye hali, kwa kuwa akila peke yake atakuwa amekubali. Hapo Mwanahawa akasimamisha ukili wake, akautazama tu.

Bi Tabu ndiye aliyeniambia. Mumewe Mwanahawa anaitwa Ismaili, naye ni mtoto wake Bi Tabu mwenyewe — wameoana watoto wa ndugu. Miaka sita iliyopita alivuka kwenda visiwani kufanya kazi ya uashi. Alisema miezi mitatu. Hakuna barua, hakuna salamu, hakuna talaka. Wako wanaosema ameoa huko, wako wanaosema bahari ilimchukua. Shehe Hamisi anasema bila habari ya yakini Mwanahawa ni mke wa mtu. Basi. Bi Tabu akaendelea: Ismaili alipenda nazi nyingi, Ismaili alikuwa na meno mazuri, Ismaili hivi, Ismaili vile. Mwanahawa alisema neno moja tu, kwamba aliondoka na kofia aliyomshonea miezi minne.

Nimejua sasa kwa nini redio ya visiwani wameisogelea. Haidhuru. Wamesogea.

Jumatano, 6 Februari

Bi Tabu kaniletea bakuli la ming'oko, vile viazi vyao vya porini. Kasema Mwanahawa ndiye aliyeipika. Nimekula yote nikiwa nimesimama. Bakuli nimelirudisha na sukari ndani, kama wanavyofanya wao. Mwanahawa kapokea, kasema ahsante Bwana Karani.

Bwana Karani! Haya.

Jumapili, 10 Februari

Nambari sita. Umeshuka. Mtangazaji anasema Paris kwenyewe wimbo huu umeshatoka kwenye orodha, huko watu wamehamia kwa kijana mmoja mwenye nywele ndefu. Wapuuzi.

Mwanahawa akauliza ukipita kumi inakuwaje. Nikamweleza kwamba hawaupigi tena, kipindi ni cha nyimbo kumi tu. Akasema basi na sisi tutakuwa tumemaliza. Alisema hivyo kikawaida tu, huku akitafuta mkasi.

Jumapili, 17 Februari

Tisa.

Niseme ukweli humu, maana hakuna mwingine atakayesoma. Si wimbo ninaoulilia. Siku sita siongei na mtu ila juu ya magunia. Jumapili saa kumi watu wawili wananingoja nifungue kinywa. Mwanahawa ananibishia tafsiri — mbona hapa ameimba neno refu wewe umesema fupi? — na mimi namjibu, naye anacheka, na ile saa moja inanitosha mpaka Jumapili nyingine. Wimbo ukitoka, watakunja mkeka. Sitaki. Sitaki kabisa!

Jumatatu, 18 Februari

Nimefanya ujinga. Kadi sita. Nimezijaza kwa majina ya watu niliosoma nao kwa mapadri, wawili wao ni marehemu, Mungu awarehemu na anisamehe. Tatu kwa mkono wa kulia, tatu kwa mkono wa kushoto. Zote: tunaomba "Deux assiettes".

Petro wa dirisha la posta, Mhehe, tunasali naye, akauliza kama nina ndugu visiwani. Akanikumbusha kwamba ng'ambo ya Ruvuma kuna vita na barua za kwenda nje siku hizi zinatazamwa mara mbili. Nikamwambia ni mambo ya muziki. Akazigonga mihuri akinitazama kwa huruma, kama mtu anayeona homa inaanza.

Jumapili, 24 Februari

Haumo. Wamesikiliza mpaka nambari moja. Bi Tabu akauliza, na leo yule wa sahani? Nikasema ametoka. Wakakunja mkeka wakaingia ndani.

Kadi zangu bado ziko njiani. Ndege ni mara moja kwa juma.

Jumatatu, 25 Februari

Kadi kumi. Nimeandika mchana ofisini, hakuna kazi. Tisa nimezipatia majina ya wajomba, walimu, hata mpishi wa shule. Ya kumi nikakosa. Nikakaa na kalamu. Jina pekee lililokuwa kichwani ni lile linalotajwa uani kutwa kucha. Nikasema, huyu bwana miaka sita hajafanya lolote katika nyumba hii — basi na apige kura. Nikaandika Ismaili Mfaume, Mtwara, na sanduku langu la posta, 118.

Nikacheka peke yangu. Nikaituma.

Jumapili, 3 Machi

Haumo. Mvua tangu asubuhi, uani hakuna mtu. Kwaresima imeanza. Nimeacha sigara.

Jumapili, 10 Machi

NAMBARI NANE! Umerudi!

Mtangazaji mwenyewe kashangaa. Kasema haijapata kutokea wimbo kutoka na kurudi, na kwamba ni kwa hisani ya marafiki zetu wa Mtwara. Mwanahawa alikuwa jikoni, akasikia "Mtwara", akaja na mikono yake ya unga akauliza kwa nini wanatutaja. Nikasema wana wasikilizaji huku. Akauliza, wewe? Nikasema mimi na wengine. Akasimama dirishani mpaka wimbo ukaisha, unga ukimkaukia vidoleni.

Jumapili, 17 Machi

Nambari tatu. Kadi za pili zimefika bila shaka.

Mwanahawa ameutia wimbo maneno yake ya Kiswahili. Anasema yangu hayaimbiki. Yake yanaimbika kweli, isipokuwa katika yake yule dada anamaliza chakula chote cha sahani zote mbili na kuosha vyombo. Nikamwambia siyo, wimbo hausemi hivyo. Akasema, "Najua hausemi, kaka Erasto. Mimi ndiye nasema."

Kaka Erasto! Si Bwana Karani. Nimetembea mpaka Shangani na kurudi, bila kazi yoyote, nikiwa na furaha tu. Mtu akinisoma ataniona mtoto. Hakuna atakayenisoma.

Jumapili, 24 Machi

Mungu wangu.

Niandike kwa utaratibu. Saa kumi tulikuwa watatu kama kawaida. Wimbo ukapanda mpaka juu — nambari moja. Mwanahawa alipiga makofi. Mimi nilikuwa najua, na sikujua, kwamba kila juma mtangazaji huchota kadi moja kutoka kapuni, anasoma jina la mwenye kadi, na huyo anatumiwa santuri ya wimbo wa kwanza. Nimelisikia hilo kila Jumapili tangu Januari! Halikunipitia akilini hata mara moja.

Muziki ukashushwa. Akasoma polepole, kwa sauti ya chini, mara mbili: Ismaili Mfaume. Mtwara, Tanzania.

Ukili ukamdondoka Bi Tabu.

Nani katika nchi hii asiyejua? Jina la mtu na mji wake, likisomwa polepole redioni, ni kifo. Kila siku redio yetu inasoma vifo, fulani wa mahali fulani amefariki, ndugu popote walipo wapate habari. Bi Tabu ameketi mbele ya redio miaka sita akingoja jina hilohilo, au akiomba asilisikie. Amejipiga kifua mara moja tu, akasema mwanangu. Halafu akaanza kulia, na wanawake wa nyumba ya pili na ya tatu wakaja bila kuitwa, kanga vichwani.

Alawi akatoka barazani akiwa na kikombe mkononi. Alipoelezwa akasema subirini, redio husoma salamu pia, huenda Ismaili yu hai na anatusalimu. Wengine wakasema ndiyo, wengine wakasema salamu gani ya sauti ile. Halafu wote wakageuka. Wote, dirishani kwangu.

"Ndugu Erasto," Alawi akasema, "lugha yao wewe unaijua. Wamesema nini?"

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa fupi. Nikasema mawe ya redio yalikuwa yanakufa, sikusikia vizuri. Na nyuma yangu redio inaimba, safi kabisa, kila neno!

Mwanahawa hakuniuliza kitu. Aliokota ukili wa shangazi yake, akauviringisha, akauweka kando.

Jumatatu, 25 Machi

Uani kumejaa. Bi Tabu hali. Shehe Hamisi amekuja akasema tanga haliwekwi na dua ya marehemu haisomwi mpaka ipatikane yakini, maana huwezi kumzika mtu kwa dhana. Kwa hiyo Bi Tabu analia bila kuruhusiwa kufiwa. Ni mimi niliyemfanyia hivi. Mimi na kalamu yangu.

Alawi akanitamkia maneno ya barua ya kuuliza stesheni, yenye salamu nyingi za chama na za nyumba kumi. Nimeiandika kwa Kifaransa kizuri mbele yake. Iko chini ya godoro langu. Nikiituma watajibu, na jibu litasema kuna kadi, na kadi ina sanduku 118.

Halafu nikafanya jambo baya kuliko kadi. Nilipoachwa peke yangu nikahesabu. Nikisema amekufa, eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi — mwanzo wa Agosti. Agosti Mwanahawa hatakuwa mke wa mtu. Nilihesabu kwa vidole! Nikajiuliza kwa sauti kama ningeweza kusilimu, na mama yangu Kigoma angesemaje. Kisha nikasikia Bi Tabu anakohoa ng'ambo ya ukuta, nikaona aibu mpaka masikio yakawaka.

Nampenda. Haya, nimeandika.

Alhamisi, 28 Machi

Petro kanikamata nje ya posta. Hakuzunguka. Alisema kadi ya Ismaili ameigonga mhuri yeye mwenyewe, na mji mzima sasa unauliza Ismaili kafa au kapona. Akasema niende nikawaambie leo, ni aibu ya siku mbili tatu halafu watu watapata la kucheka. Nikasema nitakwenda.

Nimekwenda mpaka mlango wa Alawi. Alikuwa anakula, akanikaribisha, nikanawa nikala naye. Nikarudi.

Sigara sijavuta tangu Kwaresima ianze. Uongo sijaacha.

Jumapili, 31 Machi

Watu ishirini na watatu uani kwangu. Wamekuja kusikiliza kama jina litasomwa tena. Wamekaa kwenye mikeka, vigoda, ndoo zilizofunikwa. Wazee wamevaa kanzu. Kahawa imeletwa, kikombe cha kwanza nikapewa mimi, nikaketishwa katikati kama bwana harusi.

Nambari mbili. Watu wazima ishirini na watatu wamesikiliza "Sahani Mbili" mwanzo mpaka mwisho bila kupiga chafya. Wawili walisinzia. Kisha kapu, kisha jina — la mwanamke wa visiwani hukohuko. Nikawaambia jina tu, kapu sikulitaja. Wakapumua, wakaanza kubishana upya.

Miaka mitatu natamani watu. Leo wamenizunguka mpaka magoti yanagusana, na sijapata kuwa peke yangu namna ile.

Mwanahawa alikaa nyuma, karibu na kisima. Hakuimba.

Jumapili, 7 Aprili

Haumo kwenye kumi. Hakuna aliyeuliza.

Jumapili, 14 Aprili

Pasaka. Nilibaki kwenye benchi wengine walipokwenda kukomunika. Petro alinipita bila kunitazama.

Niliporudi Bi Tabu alikuwa ukumbini peke yake, amekonda, mkono umebaki mifupa. Akaniita. Alisema hataki kunisumbua, anajua sikusikia vizuri, ila anataka kujua jambo moja tu. Yule mtangazaji, aliposoma jina la mwanawe, alilisoma kwa huruma?

Nikasema ndiyo, mama. Kwa huruma.

Akasema alhamdulillahi, akanishika mkono, akaendelea kuushika. Ningeweza kumwambia pale pale. Alikuwa na mimi tu, hakuna mzee, hakuna balozi. Nilimwacha aushike mpaka alipochoka mwenyewe.

Jumanne, 16 Aprili

Petro kanisukumia kifurushi bapa chini ya dirisha la posta, bila neno. Kimeandikwa kwa mashine: Ismaili Mfaume, S.L.P. 118, Mtwara.

Ni santuri. Ile ndogo, wimbo mmoja kila upande. Picha ya Odile Ferrand kwenye jalada — nilimdhania mwanamke wa makamo, mwenye majonzi. Kumbe msichana wa miaka ishirini hivi, anacheka, meno yote nje, kofia imekaa upande. Sina gramafoni. Nimeishika kwenye mwanga nikatazama mistari yake. Zaidi ya hapo nitaifanyia nini?

Jioni Alawi kaja. Jibu la stesheni halijaja (litakujaje!), na Shehe Hamisi amechoka kungoja. Amesema mimi ni mtu mzima, nina dini yangu, na nilikuwa karibu na redio kuliko wote. Niandike kwa mkono wangu kile nilichosikia, japo nusu, niweke sahihi. Wao watakubali nitakachoandika. Kesho kabla ya sala ya alasiri atakuja na wazee wawili kuchukua karatasi.

Nimesema sawa. Nitasema kweli. Kesho yote yanatoka, kadi kumi na sita, mkono wa kushoto, godoro, yote. Nimeamua. Nitahama nyumba hii, nitaomba uhamisho, potelea mbali.

Jumatano, 17 Aprili

Saa tisa. Alawi na wazee wawili wako barazani. Wamenipa nusu saa. Nimevaa shati la misa.

Niandike upesi yaliyotokea sasa hivi.

Nilikuwa nimeketi mezani na karatasi, sijaandika kitu, Mwanahawa akaja dirishani. Peke yake. Santuri ilikuwa palepale mezani, sikuwahi kuificha. Akapitisha mkono kati ya nondo akakivuta kifurushi. Ameanza kisomo cha watu wazima mwaka huu, anasoma kwa kidole. Akapita na kidole chake juu ya jina, silabi moja moja, mpaka mwisho. Akapita juu ya 118. Namba hiyo anaijua, hata kaka yake hupokelea barua humo.

Nikaweka kalamu chini.

Akanitazama, wala hakuwa na hasira. Alisema alijua tangu siku ile ile. Ismaili hajawahi kushika kalamu maishani mwake, hata siku ya ndoa yao aliweka dole gumba. Na katika mtaa huu wote mtu anayeandikia redio ya Kifaransa ni mmoja tu. Alikuwa ananingoja niseme mwenyewe.

Nikamwambia ndiyo naenda kusema, karatasi hiyo hapo, wazee wale pale, sasa hivi. Akatikisa kichwa.

"Andika amekufa," akasema.

Akaeleza taratibu, kama anayenielekeza duka. Kuna mtu Mikindani, Abeid, aliyefiwa na mkewe, ana watoto wawili. Ameposa mara mbili. Mara zote mbili Shehe Hamisi amesema haiwezekani, huyu ni mke wa mtu. Abeid ameshangoja miaka miwili, hatangoja wa tatu. Nikamwuliza, na Bi Tabu? Nikamwambia yule mama nitakuwa nimemzikia mtoto kwa uongo. Akasema shangazi yake amemlilia Ismaili kila siku miaka sita bila matanga, bila dua, bila mtu wa kumpa pole. Angalau apewe.

"Ukisema kweli," akasema, "wewe utaaibika siku mbili. Mimi nitangoja mpaka nife."

Nikamwuliza jambo ambalo sikupaswa kuliuliza. Nikamwuliza zile Jumapili zote, alipokuwa anakaa hapa dirishani, alikuwa anasikiliza nini. Alifikiri kweli, alitaka kunijibu vizuri. Akasema wimbo ulikuwa mzuri. Akakiweka kifurushi mezani, akaenda zake jikoni.

Basi. Karatasi ni hii.

Nikiandika amekufa, mwezi wa nane mwishoni atakuwa Mikindani, na uani atabaki Bi Tabu akimlilia mtoto ambaye huenda sasa hivi anakula wali visiwani. Na Ismaili akirudi? Watu hurudi. Nikiandika kweli, kila mtu atasema nimefanya la haki hatimaye, Petro atanipa mkono, padri ataniondolea dhambi. Na Mwanahawa atabaki. Hapahapa, ng'ambo ya ukuta huu, mke wa mtu asiyekuwepo, mwaka huu na mwaka ujao na ule mwingine, na Jumapili hana pa kwenda.

Ndicho nilichokuwa nakitaka! Kadi zote kumi na sita nilizituma kwa ajili hiyo. Asiondoke.

Nimeandika tarehe. Nimeandika jina langu na la baba yangu. Nimeandika kwamba nilikuwa karibu na redio na nilisikia kwa masikio yangu mwenyewe. Mwandiko unasomeka.

Alawi amepiga hodi. Anauliza, Ndugu Erasto, tayari? Jua linakwenda.

Nimemwambia bado mstari mmoja.